Sura ya Sita: Faranga Moja kwa Mwaka

Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa upangaji ulikuwa milele.

Mpangaji alikuwa Ubelgiji. Aliyejiita mwenye nyumba alikuwa Uingereza. Nyumba yenyewe ilikuwa vipande viwili vya ardhi ambavyo havikuwa vya yeyote kati yao: kimoja bandarini Dar es Salaam, kingine bandarini Kigoma, umbali mfupi tu kutoka Ujiji. Mkataba ulitiwa saini London tarehe 15 Machi 1921, ili mizigo ya Kongo ya Wabelgiji ipite ziwani, ipande reli Kigoma na ishuke Bahari ya Hindi bila usumbufu. Vipande hivyo vikajulikana kwa jina la Belbase.

Mwombe mwalimu wa historia akutajie mkataba mmoja wa kikoloni. Hujamaliza swali, ameshasema Mangungo wa Msovero. Sasa mwombe akutajie ule uliohusu ardhi ambayo wanafunzi wake wanapita pembeni yake wakienda kutazama meli. Mara nyingi hapo patakuwa kimya. Kosa si lake. Hakufundishwa, na aliyemfundisha naye hakufundishwa.

Sura hii inahusu ukimya wa namna hiyo, na namna ambavyo walimu wa Ujiji wangeweza kuuvunja wao kwa wao kabla hawajaingia darasani.

Mwaka ambao kila mtoto anaujua

Hakuna mwaka unaokaririwa Ujiji kama 1871. Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba alipomkuta Livingstone hapa. Jumba la makumbusho lipo, mnara upo, na ipo miembe inayosemekana kuwa uzao wa mwembe uleule. Mgeni akishuka Kigoma na saa mbili mkononi, hapo ndipo atakapopelekwa.

Miezi mitatu kabla ya siku hiyo, tarehe 3 Agosti 1871, jambo lingine lilitokea upande wa pili wa dunia. Wakuu wa mataifa ya Anishinaabe na Cree walikaa na wawakilishi wa Malkia wa Uingereza huko Kanada, wakakubaliana kuhusu matumizi ya ardhi. Huo ndio Mkataba wa Kwanza. Ilifuata mingine kwa namba, mpaka Mkataba wa Kumi na Moja, uliotiwa saini 1921. Yaani mikataba ya namba ya Kanada inaanza mwaka wa Stanley na kuishia mwaka wa Belbase. Katika mingi ya mikataba hiyo serikali iliahidi kila mtu dola tano kwa mwaka. Dola hizo zinalipwa hadi leo, zikiwa tano zilezile.

Kwa miaka mingi watoto wa wazungu wa Kanada walisoma shuleni bila kuambiwa kwamba nyumba zao zimesimama juu ya makubaliano yenye pande mbili. Watoto wa wenyeji walikuwa na shule zao za bweni, ambako walipelekwa mbali na wazazi wao na kuzuiwa kusema lugha zao. Mwaka 2007 jimbo la Saskatchewan lilitangaza, la kwanza nchini humo, kwamba elimu ya mikataba itakuwa ya lazima shuleni. Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada ilitoa wito 94. Mmojawapo ulitaka mikataba na historia ya shule zile iingizwe kwenye mitaala, na walimu waandaliwe kwa kazi hiyo. Tume ilijua kwamba kitabu kipya mikononi mwa mwalimu wa zamani ni kitabu cha zamani chenye jalada jipya.

Walimu wa Kanada wana msemo mmoja katika somo hilo: sisi sote ni watu wa mkataba. Maana yake, mkataba haumhusu mwenyeji peke yake. Aliyehamia naye ni mhusika, maana haki yake ya kukaa pale imetokana na karatasi hiyohiyo.

Msemo huo ukiletwa Ujiji jinsi ulivyo, utapwaya. Kanada wenyeji wanadai mikataba iheshimiwe. Sisi uhuru wetu ulikuja pamoja na kuikataa. Lakini swali lililo chini ya msemo huo linatufaa kabisa: nani alikubaliana na nani, hadi sisi tukawa tunaishi hapa namna hii? Kwa Ujiji, mji wa Waha, Wamanyema, Wabembe, Watongwe, Waswahili wa pwani, Waarabu na wengine wengi waliofika kwa kupenda au kwa kufungwa kamba, sijui swali lililo zito zaidi ya hilo.

Mkwepa ushuru

Tumrudie Stanley, ila safari hii tusimame upande wa wenye njia.

Ili afike Ujiji, msafara wake ulipaswa kupita Uha. Uha ilikuwa nchi yenye wakuu wake, na kila mkuu alidai hongo. Stanley analalamika sana juu ya jambo hilo. Mkuu mmoja, ambaye aliandika jina lake kuwa Mionvu, alimtoza doti nyingi za nguo. Mbele kidogo akadaiwa tena. Alipoambiwa kwamba wako wengine mbele yao, alitafuta mtu wa kumwonyesha njia ya porini, akaondoka usiku na watu wake wakiamriwa kukaa kimya, akatoka Uha bila kulipa tena.

Mtoto akisoma habari hii leo atasema, na ana haki, kwamba wakuu wa Waha walikuwa wala rushwa. Neno hongo katika Kiswahili chetu lina maana hiyo tu. Lakini katika karne ya 19 hongo ulikuwa ushuru wa njia. Msafara ulipita katika ardhi ya watu, ukanywa maji yao, ukanunua chakula chao, ukaachwa upite salama, na kwa hayo ukalipa. Mfanyabiashara wa pwani aliijumlisha hongo katika gharama zake kama mwenye lori wa leo anavyohesabu mizani na forodha. Kiwango kilibishaniwa, wakati mwingine kwa siku nzima, na kubishana huko kulikuwa ndiko kufanya mapatano.

Halafu dola za wenye njia zikavunjwa. Wakuu wa Uha wakapoteza mamlaka ya kutoza, na neno likabaki bila kazi yake. Malipo kwa mamlaka halali yakageuka, ndani ya neno lilelile, kuwa malipo ya kuipinda sheria. Lugha ilimwandikia aliyeshindwa hukumu, nasi tunaisoma kila siku bila kujua kwamba kulikuwa na kesi.

Ndiyo maana naona mafunzo ya walimu Ujiji yaanze na neno hili, wala si na tarehe. Mwalimu akishaona jinsi neno moja lilivyobadilishwa mikononi mwake, hatahitaji kusomewa hotuba ndefu kuhusu ukoloni wa fikra. Na atakuwa na jambo la kuwaambia watoto ambalo halimo kwenye ubao wa makumbusho: kwamba mgeni maarufu kuliko wote aliyewahi kuingia Ujiji, aliingia akiwa amekwepa ushuru.

Damu na karatasi

Neno mkataba limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Kwa hiyo tukisema mkataba tayari tumeshaitazama karatasi, na lililokubaliwa bila karatasi tumeliacha nje ya mlango. Wahenga nao walituonya: mali bila daftari hupotea bila habari.

Lakini kando ya Ziwa Tanganyika watu walikuwa na daftari lao. Mfanyabiashara wa pwani aliyetaka kuvuka hadi ng'ambo kutafuta pembe, au kukaa kijijini bila kuporwa, alichanjiana na mwenyeji wake. Kila mmoja alitiwa chale, damu ya huyu ikaenda kwa huyu, maneno ya kiapo yakatamkwa mbele ya mashahidi: akikusaliti, na impate hivi, ukimsaliti, na ikupate vivyo hivyo. Adhabu ilikuwa ya pande zote mbili. Kila mmoja aliyasikia masharti kwa lugha anayoielewa. Na mashahidi walikuwa majirani, watu ambao kesho utakutana nao sokoni.

Tusiyapambe. Udugu wa kuchanjiana ulitumika pia kufungua njia za biashara ya watumwa, na watu waliouzwa hawakuchanjiana na mtu. Ila kama chombo cha mapatano, ulikuwa na jambo ambalo karatasi zilizofuata hazikuwa nalo: anayefunga naye alifungwa.

Novemba 1884 Mjerumani Karl Peters aliingia bara kutoka pwani inayoelekeana na Zanzibar akiwa na wenzake wachache na fomu zake. Ameandika mwenyewe jinsi alivyokunywa na baadhi ya wakuu na kuchanjiana nao damu, kisha akatoa karatasi. Yaani alikijua chombo cha wenyeji, akakitumia kama mlango wa kuingizia cha kwake. Tarehe 29 Novemba alikuwa Msovero, Usagara. Mkataba wake na Mangungo una kichwa cha urafiki wa milele, na ndani yake Mangungo anatajwa kuitoa nchi yake yote kwa ajili ya ukoloni wa Kijerumani. Lugha ni Kijerumani. Kati ya Kijerumani hicho na Mangungo alisimama mkalimani.

Peters alikusanya mikataba yapata kumi na miwili ya aina hiyo katika wiki chache. Mkutano wa Berlin ulifungwa tarehe 26 Februari 1885, na kesho yake kampuni yake ikapewa hati ya ulinzi ya Kaisari. Sultani Barghash wa Zanzibar alipopinga, manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri lake Agosti mwaka huo. Hapo karatasi ilikuwa imepata meno.

Na Mangungo akapata jina baya. Kwenye vijiwe vya kahawa, bungeni na mitandaoni, kiongozi anayedhaniwa kusaini asichokielewa anaitwa Mangungo. Jina hilo lilitajwa tena na tena mwaka 2023 katika mabishano kuhusu makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Sina nia ya kuyaamua mabishano hayo hapa. Ninachotaka mwalimu akione ni kwamba somo la mkataba wa 1884 limetufundisha kumcheka mtu mmoja. Aliyeandika karatasi kwa lugha isiyosomeka na mwenzake, aliyekuja na pombe na urafiki kabla ya kalamu, tumemkariri bila kumchunguza. Darasa linalotoka na jibu kwamba Mangungo alikuwa mjinga limejifunza kutukana tu.

Mwalimu anaweza kuliokoa somo hilo kwa maswali manne, ambayo yanafaa kwa mkataba wowote, wa damu au wa wino. Uliandikwa au kusemwa kwa lugha gani, na nani aliielewa? Aliyetoa alikuwa na mamlaka ya kutoa? Ni kwa muda gani? Na nani hakuulizwa?

Belbase ikipita katika maswali hayo, kila jibu linashangaza. Wabelgiji waliiteka Kigoma kutoka kwa Wajerumani Julai 1916, wakaitawala hadi Machi 1921, mwezi uleule wa mkataba. Kabla ya hapo, Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walikuwa wameshapatana: Rwanda na Burundi kwa mmoja, sehemu iliyobaki kwa mwingine. Kwa kalamu hiyo Mha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo ya mpaka, ambao wanasikilizana lugha bila mkalimani, wakawa watu wa serikali mbili. Muda: milele. Walioulizwa: hakuna hata mmoja anayevua dagaa Kigoma.

Ndwele

Hadi hapa somo ni jepesi, maana wakosaji wako mbali. Ugumu unaanza mwalimu anapogeuka kutoka ubaoni na kuwatazama waliokaa mbele yake.

Livingstone hakuwa ametoka nyumbani Stanley alipomkuta. Alikuwa amerudi Ujiji wiki chache tu kabla, kutoka Nyangwe katika nchi ya Manyema, ambako tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wanawake sokoni, na wengi wakizama mtoni wakikimbia. Manyema iko magharibi ya ziwa. Watu wake walivushwa kuja Ujiji kwa mamia na maelfu, na wengi hawakwenda mbali zaidi ya hapo. Baadhi walikuja kama watumwa. Baadhi kama wapagazi, wapiga bunduki, wake, masuria. Baadhi walikuwa mateka mwaka huu, na mwaka wa pili wamebeba bunduki kwenda kuteka wengine.

Na hapa tena neno linatupa habari. Ujiji ya karne ya 19 ilijaa waungwana. Kwa kamusi, mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Lakini wengi waliojiita hivyo mjini hapa walikuwa bado chini ya bwana. Walivaa nguo za pwani, wakaingia Uislamu, wakasema Kiswahili, wakawa waungwana kwa mwenendo kabla ya kuwa huru kwa sheria. Sheria yenyewe ilichelewa. Wajerumani, waliojitangaza kuwa maadui wa utumwa, hawakuufuta kabisa. Walitoa hati za uhuru kwa mtu mmoja mmoja na kuweka kwamba watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Mwaka huo si wa kale mno. Wako watu Ujiji waliolelewa na bibi aliyezaliwa kabla yake.

Kwa hiyo katika dawati moja la shule ya Ujiji anaweza kukaa kitukuu cha aliyeuzwa, kando yake kitukuu cha aliyeuza, na katikati mtoto ambaye damu yake ina wote wawili. Mji ulifanya uamuzi wa busara: ulinyamaza. Watu walioana, wakazikana, wakaswali safu moja, na swali la babu yako alikuja kwa njia gani likawa swali la mtu asiye na adabu. Njia ya kati ya watumwa na pembe, kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, Tanzania iliiweka mwaka 2006 kwenye orodha yake ya awali ya kupendekezwa urithi wa dunia. Lakini anayeishi mwisho wa njia hiyo hahitaji ubao wa urithi kumkumbusha. Anahitaji kujua aseme nini mtoto wake akirudi kutoka shule na swali.

Tuna methali tunayoitumia kuufunga mlango huo: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali ya hekima, na imezuia magomvi mengi. Lakini ni methali ya waganga, na kila mganga huanza kwa kuuliza. Ulianza kuumwa lini? Kwenu nani aliwahi kuumwa hivi? Asiyeuliza hayo anabahatisha.

Maridhiano, basi, yana njia mbili zinazojulikana kwetu. Ipo ya serikali. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, mahali wanapokumbukwa mashujaa wa Majimaji, akaomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Ilikuwa siku kubwa. Lakini njia hiyo haimfikii mtoto wa Ujiji ambaye jirani yake ndiye mhusika.

Ipo njia ya pili, nayo ni yetu tangu zamani: utani. Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19, na leo Mngoni akifika msibani kwa Mhehe anaweza kulala juu ya jeneza na kudai alipwe ndipo azike. Wanyamwezi waliopita na misafara wakawa watani wa watu wa njiani na wa pwani. Utani haukufuta vita. Umevihifadhi, ukavitoa makali, ukavipa mipaka: nani anaweza kumtania nani, wapi, kwa maneno gani, na hasira hairuhusiwi. Ukiuangalia vizuri, nao ni mapatano, yenye masharti yanayojulikana na pande zote. Walichokifanya watani ndicho mwalimu anachotakiwa kukifanya darasani, ila yeye hana mila ya kumlinda. Ana andalio la somo tu.

Vipindi vitatu, bila posho

Serikali imeshafungua mlango. Mwishoni mwa 2020 Rais Magufuli aliagiza historia ya nchi ifundishwe kama somo linalojitegemea. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Hilo si dogo: kwa mara ya kwanza mwalimu wa historia wa sekondari anaweza kujadili hongo na uungwana kwa lugha ambamo maneno hayo yanaishi. Na upo mpango wa MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao umeyatoa mafunzo kwenye kumbi za mbali na kuyarudisha shuleni, walimu wakikutana katika jumuiya za kujifunza.

Tunajua warsha zilivyozoeleka. Mwezeshaji anafika na kitini, chati mgeuzo inapinduliwa, chai inaletwa, majina yanaandikwa, posho inasainiwa. Jumatatu mwalimu anarudi darasani na kufundisha alivyofundisha Ijumaa. Ninachopendekeza hapa kinahitaji viatu vya kutembelea na vipindi vitatu vya jumuiya ya kujifunza.

Kipindi cha kwanza ni cha kutembea. Walimu wanaanzia makumbusho ya Livingstone, wanasikiliza maelezo kama wageni, kisha wanaulizana: katika simulizi hii, ni nani ana jina na ni nani hana? Huenda wakagundua kwamba Susi na Chuma, waliokuwa na Livingstone siku ile Ujiji na baadaye wakaubeba mwili wake hadi pwani, wanatajwa kwa pumzi moja kama mizigo. Kutoka hapo wanateremka kuelekea ziwani, wakiuliza kila mahali swali moja: mgeni alipofika hapa, alimwomba nani ruhusa? Wakitaka, wamalizie Kigoma bandarini, wasimame walikokuwa wapangaji wa faranga moja.

Kipindi cha pili ni cha kusoma. Meza moja inapewa tafsiri ya Kiswahili ya karatasi ya Msovero. Ya pili inapewa muhtasari wa mkataba wa 1921. Ya tatu, kisa cha Stanley na Mionvu. Ya nne inapewa kurasa za Tippu Tip, aliyesimulia maisha yake kwa Kiswahili, na anayeonyesha jinsi mfanyabiashara alivyojieleza kwa watu wake mwenyewe. Maswali ni yale manne. Halafu zoezi dogo: karatasi ya Msovero isomwe kwa sauti kwa Kijerumani, na mwalimu mmoja aombwe kutia saini. Dakika mbili hizo zitafundisha kuliko sura nzima ya kitabu cha kiada.

Kipindi cha tatu ni kigumu, na kifanyike mlango ukiwa umefungwa. Kila mwalimu anaandika, kwa ajili yake mwenyewe, anachojua juu ya namna watu wake walivyofika walipo. Hasomi kwa wengine asipopenda. Lengo si kuungama. Lengo ni kwamba mwalimu asiyeijua hofu yake mwenyewe katika somo hili ataipitisha kwa watoto bila kujua: atacheka mahali pa kunyamaza, atamtazama mtoto fulani anapotamka neno mtumwa, ataruka ukurasa kwa kisingizio cha muda. Baada ya hapo walimu wanajadili mambo yatakayotokea kweli. Mtoto akimwita mwenzake mtumwa uwanjani, tunafanya nini? Mtoto akiambiwa kwao si hapa ni Kongo, mwalimu anasema nini, akijua kwamba mpaka wenyewe uliletwa na kalamu za watu ambao hawakuvuka ziwa hili? Mzazi akija analalamika kwamba shule inafukua makaburi, nani atamkaribisha, na kwa maneno gani? Mwalimu mkuu na wazee wa mtaa wahusishwe kabla, wasije wakasikia habari hii kwa mara ya kwanza siku ya malalamiko.

Linalobaki ni la mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha Pugu. Tarehe 30 Novemba 1961, siku tisa kabla ya uhuru, Waziri Mkuu Julius Nyerere aliliambia Bunge kwamba Tanganyika haitautambua upangaji wa Belbase. Hoja yake haikuwa ya hasira. Uingereza, alieleza, ilikuwa Tanganyika kwa muda, kama mwangalizi. Aliyekuwapo kwa muda hawezi kutoa ardhi ya wengine milele. Desemba hiyohiyo serikali yake ikaandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya pande mbili iliyorithiwa itapewa miaka miwili ya kujadiliwa upya, na isiyokubaliwa upya itakoma. Wanasheria wa dunia wanakiita kitendo hicho kwa jina lake. Kwa mwalimu wa Ujiji ni rahisi zaidi: ni jibu la swali la pili na la tatu kati ya maswali yetu manne, likiwa limejibiwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Nyerere aliichagua njia ya kukaa tena mezani, na ndiyo ninayoipendekeza kwa darasa. Kabla ya somo la kwanza juu ya misafara, mwalimu na wanafunzi waandike makubaliano yao. Yawe kwa Kiswahili ambacho anayekaa dawati la nyuma anakielewa. Yaseme hatutamwita mtu kwa alichofanyiwa babu yake, wala kwa alichofanya. Yaseme kila swali linaulizwa, na hakuna anayelazimishwa kujibu juu ya nyumba yao. Mwalimu naye atie saini, afungwe kama wao. Yabandikwe ukutani.

Muda: muhula mmoja. Kisha tutakaa tena.